Simiti Nje, Udongo Ndani

Kila Ijumaa alasiri, shule ya Kiilu ilibomoa kazi yake yote ya wiki. Mgeni aliyepita njia ya stesheni ya Ruiru siku hiyo angedhani vijana wale kumi na wanne wamerukwa na akili. Ukuta waliouanza Jumatatu, ulionyooka, wenye pembe safi na nafasi ya dirisha, waliushusha jiwe moja moja, wakakwangua udongo, wakayapanga mawe kando chini ya turubai. Jumatatu wakaanza upya. Shule ilikuwa na mawe mia mbili na kumi tu, yaliyoletwa mara moja kutoka machimbo ya Ndarugu kwa gari la ng'ombe, na hayo hayo ndiyo yaliyomfundisha kila aliyefika pale. Simiti hawakuitumia. Simiti ikishalishika jiwe hailiachii, na shule ingefundisha wiki moja tu kisha ikafungwa.

Kiilu mwenyewe hakuona aibu kwa hilo. Alikuwa Mkamba wa miaka arobaini na sita, mfupi, wa sauti ya taratibu, mwenye mikono mipana kuliko mwili wake. Vita vya Wazungu vilimpeleka Burma kujenga madaraja, vikamrudisha na suti moja na ufundi wa mawe, na suti ndiyo iliyochakaa kwanza. Mwaka wa hamsini na sita baraza la mji lilimpa kiwanja kwa leseni ya muda, ile ya kulipiwa kila mwezi. Akasimamisha kibanda cha madebe yaliyopigwa yakanyooka, akaandika kwa lami juu ya ubao: SHULE YA UFUNDI WA MAWE. Watu wakacheka. Lakini vijana wakaja.

Wengi wa vijana hao walikuwa Wakikuyu waliotoka kizuizini. Walirudi makwao wakakuta mashamba yamepimwa na kugawanywa wao hawapo, na waliouliza habari waliambiwa wanyamaze kama wanapenda kulala nyumbani. Mkubwa wao alikuwa Gachanja, mwenye miaka ishirini na saba, minne kati yake akiwa ameimalizia nyuma ya seng'enge. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na jicho ambalo Kiilu hakuwa ameliona kwa mwanafunzi yeyote: angesimama mbali, afumbe jicho moja, aseme jiwe la tatu limezidi kwa upana wa ukucha, na uzi wa timazi ukiteremshwa unakuta ni kweli.

Karo ilikuwa shilingi kumi kwa mwezi. Watatu walilipa. Wengine walileta viazi, mmoja alileta makaa, na wengine walileta ahadi, na Kiilu alizipokea zote kwa uso ule ule. Alichokitaka kilikuwa kimoja. Huko Thika viwanda vilikuwa vinaota kila mwezi, na mtu wa kubeba karai la simiti alipata shilingi tatu kwa siku huku fundi mwenye cheti cha serikali akipata kumi. Tofauti ilikuwa karatasi. Na mtihani wa kupata karatasi hiyo ulipokea tu vijana wa shule zinazotambuliwa na serikali. Shule ikitambuliwa ilipata na ruzuku juu yake, pesa za vifaa na nusu ya mshahara wa mwalimu. Isipotambuliwa, wale vijana kumi na wanne wangejenga na kubomoa mpaka wazeeke, halafu waende Thika wakabebe karai.

Mwezi wa Januari, mwaka wa hamsini na nane, Bwana wa Elimu alikuja kutoka Thika kwa Landrover. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye masikio yaliyoungua kwa jua, si mtu mbaya. Alizunguka ukuta uliokuwa umefika madirishani, akaugonga kwa fimbo yake.

"Kazi mzuri sana," alisema. "Nani nafundisha wewe?"

"Jeshi, Bwana."

"Naona. Lakini shule iko wapi? Hii ni turubai. Serikali hapana toa pesa kwa turubai."

Akaeleza, na karani wake akaandika. Shule ipate jengo la kudumu, kuta za mawe na simiti, chumba kimoja kikubwa. Kuta zikifika kimo cha paa, Bwana wa Elimu atakuja kuziona, na nusu ya ruzuku italipwa ili wanunue mabati. Mabati yakipanda, nusu ya pili, na majina ya vijana yatapelekwa kwenye mtihani. Lakini iwe kabla ya mwisho wa Aprili, maana mwaka wa serikali una mwisho wake na pesa zisizotumika hurudi zilikotoka.

Kiilu hakulala usingizi mzuri wiki ile, kwa furaha. Kisha akaanza kutafuta pesa za kupatia pesa.

Alipanda baiskeli mpaka Thika, akaingia benki amevaa suti yake ya zamani. Kijana wa kaunta akamwuliza hati ya ardhi. Kiilu akamwonyesha leseni ya muda. Yule kijana akaigeuza mbele na nyuma, akamrudishia kwa heshima kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia iliyoanguka. Akavuka barabara, akaingia duka la vyuma la Mhindi ambaye Kiilu alinunua kwake misumari tangu alipotoka jeshini. Huyo alimpa chai.

"Kiilu, mimi najua wewe mtu ya kweli," alisema. "Lakini sheria nasema, Mwafrika mimi nikikopesha zaidi ya shilingi mia mbili bila sahihi ya D.C., siku hapana lipa mimi siwezi kwenda koti. Mia mbili napata simiti ngapi? Wewe kwenda kwa D.C. kwanza."

Akaenda. Afisi ya D.C. ilisema shule ni mambo ya Elimu. Elimu ilisema mkopo ni mambo ya D.C. Kiilu alizunguka baina ya milango miwili hiyo siku tatu nzima, na siku ya nne hakuzunguka tena. Watu walioweka mambo hivyo walikuwa na akili, msidhani hawakuwa nazo.

Walibaki ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe watatu kule Gatuanyaga, wakilishwa na ndugu yake Kitheka katika ile nyika kavu pembeni ya mashamba ya katani. Wawili walikuwa wake. Wa tatu, jike jekundu, alikuwa wa mkewe Ndunge, na kila mtu alijua alivyopatikana: Ndunge alisuka vyondo, vikapu vya kamba, miaka sita, akavigeuza kuwa mbuzi, akawageuza mbuzi kuwa ng'ombe.

Alimkuta anachambua maharagwe mlangoni. Akamweleza yote, hesabu ya mawe, ya mchanga, ya mabati.

"Wawili hawatoshi?" Ndunge aliuliza.

"Hawatoshi."

Ndunge aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa uani.

"Baba Syombua, hiyo pesa ya serikali ni kweli itakuja?"

"Bwana mwenyewe amesema kwa mdomo wake, na karani akaandika."

"Basi muuze. Lakini siku anayochukuliwa usiniambie."

Aliuza wote watatu. Mawe yakaja, malori mawili. Pesa iliyobaki ingetosha simiti ya kujengea na mchanga, na kwa mabati wangesubiri nusu ya kwanza ya ruzuku. Wanafunzi waliyashika mawe yale mapya kwa namna ambayo watu hushika mtoto wa mgeni. Walichimba msingi Jumatatu, na Jumanne akaja Opiyo.

Opiyo alikuwa karani wa baraza la mji, Mjaluo mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na alimpenda Kiilu kwa sababu Kiilu alimjengea jiko bila kumlipisha. Alisimama kwenye ukingo wa msingi, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni shule."

"Leseni yako ni ya muda. Kiwanja cha muda hakijengwi nyumba ya kudumu. Iko kwenye kifungu cha nne. Nikiandika, watakuja kubomoa na leseni wafute."

Kiilu akakaa juu ya jiwe. Akamweleza Opiyo habari ya ruzuku. Opiyo akacheka mpaka akavua miwani, lakini hakuwa anamcheka Kiilu.

"Yaani mmoja anasema jenga ya kudumu nikupe pesa, mwingine anasema jenga ya kudumu nikufukuze. Na wote mshahara wao unatoka sanduku moja! Omera, ndugu yangu, nchi hii."

"Nipeni basi leseni ya miaka mingi."

"Andika barua. Nitaipeleka mimi mwenyewe. Itajibiwa mwakani, kama watu wana haraka." Opiyo alivaa miwani tena, akainama, akaongea chini chini. "Sikiliza. Kifungu kinasema jengo la kudumu ni lile ambalo mawe yake yameunganishwa kwa simiti. Kuunganishwa, unanielewa? Nikija nikachokonoa katikati ya jiwe na jiwe nikakuta udongo, mimi sijaona jengo la kudumu. Huko nje ukipaka nini, hiyo ni mapambo. Mapambo hayamo kwenye kifungu."

Akaondoka zake akipiga mluzi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, Opiyo.

Kiilu alikaa pale mpaka kivuli kikamfikia. Kila fundi wa mawe duniani anajua ukuta wa udongo ni ukuta mzuri tu ukipewa paa na ukiachwa upumue. Maji kidogo yakiingia, yanatoka, unakauka. Lakini ukiziba nafasi za nje kwa simiti, maji yakiingilia juu hayana pa kutokea. Yanakaa ndani, udongo unarudi kuwa uji, na mawe yanabaki yamesimama kwa mazoea. Alikuwa amewafundisha hivyo vijana wale, kwa maneno hayo hayo, zaidi ya mara kumi. Na sasa alikuwa anapiga hesabu: udongo ndani kwa ajili ya baraza la mji, simiti nje kwa ajili ya Elimu, pesa ya simiti itakayobaki inunue mbao za paa, na mabati yapande upesi kabla ya mvua kukolea. Wiki tatu tu. Ukuta ungeweza kudanganya wiki tatu.

Aliwaeleza asubuhi. Gachanja ndiye aliyeinua mkono, kama wanavyofanya watoto darasani.

"Mwalimu, maji yakiingilia juu yatatokea wapi?"

"Hayataingia. Mabati yatakuwa yamefika."

"Na yasipofika?"

"Yatafika, Gachanja."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwajibu kwa namna hiyo, kama askari. Gachanja aliutazama mwiko wake, akainama kazini.

Walijenga siku kumi na saba. Sitawaficha kwamba zilikuwa siku nzuri. Ndunge alipika githeri ya mahindi na maharagwe kwa pipa, na vijana waliimba nyimbo za kanisani wakipokezana mawe, na watu wa stesheni walikuja kutazama wakati wa kupumzika. Hakuna aliyebomoa chochote Ijumaa. Kuta zikapanda mpaka kimo cha paa, pembe nne zilizokata kama kisu, na Gachanja mwenyewe akaziba nafasi zote za nje kwa simiti, mistari myembamba iliyonyooka, kazi ambayo ungeitazama mpaka usahau njaa. Kiilu aliitazama kwa fahari na kwa uchungu, na hivyo viwili vilimkaa kifuani pamoja asiweze kukitoa kimoja.

Bwana wa Elimu alikuja tarehe mbili Aprili. Aligonga kwa fimbo, akapitisha kidole kwenye mstari wa simiti, akatoa sauti ya kuridhika.

"Katika wilaya yote hapana shule ya mtu binafsi kama hii," alisema. "Mimi naandika leo. Pesa nakuja wiki moja, mbili."

Akampa Kiilu mkono. Siku ya pili akaja Opiyo, akachokonoa upande wa ndani kwa ncha ya kalamu, akakuta udongo, akaandika kwamba jengo ni la muda. Wakacheka wote wawili, na Ndunge akatoa chai.

Mvua ilianza tarehe sita.

Haikuanza kwa fujo. Ilinyesha usiku, ikapumzika mchana, kama mtu anayejaribu ufunguo. Kiilu alitandika magunia ya katani juu ya kuta, na majani ya migomba juu ya magunia, na mawe juu ya majani. Wiki moja ikapita na pesa hazikuja. Akapanda baiskeli kwenda Thika, tope mpaka magotini. Karani akamwambia faili limekwenda Nairobi kutiwa sahihi, na mwenye sahihi yuko likizo ya Pasaka, hatarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Akaenda kwa Mhindi wake, akaomba mabati ya mia mbili, kama sheria inavyoruhusu. Akapewa kumi na sita. Yalifunika robo ya chumba, na upepo wa usiku uliofuata ukayashusha, mawili yakakunjika.

Siku tisa mfululizo mvua haikuacha. Kiilu aliamka kila alfajiri akaweka kiganja kwenye ukuta. Kwa nje ulikuwa mkavu, safi. Kwa ndani ulikuwa baridi na unateleza. Alianza kusali kanisani kwa sauti ya kusikika, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na Ndunge alimwangalia pembeni bila kumwuliza.

Jumapili ya tarehe ishirini walikuwa kanisani. Mhubiri alikuwa amefika katikati. Kukasikika mshindo mmoja mzito upande wa stesheni, kisha mwingine, kisha kimya, na mtu mmoja nyuma akasema labda ni behewa la treni. Kiilu alikuwa amekwisha kuinuka.

Kuta tatu zilikuwa chini. Mawe yalikuwa yameteleza kutoka ndani, yakalala kwenye uji wa udongo, na kila moja lilikuwa na utepe wake wa simiti ukingoni, umeng'oka mzima mzima. Hakuumia mtu. Watu walisema wamshukuru Mungu, na walimshukuru, kisha wakabaki kusimama na miavuli wakitazama. Barabara ya stesheni ilikuwa pale pale, na kila aliyepita aliuona ule udongo.

Na Jumatatu, saa tatu asubuhi, cheki ikaja.

Opiyo aliileta mwenyewe kutoka sanduku la posta la baraza, akiwa hana mluzi. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kahawia yenye muhuri, nusu ya kwanza ya ruzuku, imetiwa sahihi tarehe kumi na saba. Mwenye sahihi alikuwa amerudi mapema. Kiilu aliisoma, akampa Ndunge aishike, akaichukua tena. Vijana wote kumi na wanne walikuwa wamekaa juu ya mawe.

Gachanja alisimama. "Mwalimu, Bwana hajui. Thika ni mbali na mvua hii hatakuja wiki hii. Tupe siku kumi. Mawe ni mazima. Leo ununue mabati, tujenge nguzo kwanza, paa lipande kabla ya kuta. Tutajenga usiku na mchana. Tutaosha hata hiyo simiti ya zamani. Akija atakuta kama alivyoiacha."

"Inawezekana," akasema mwingine. Na ilikuwa kweli. Kiilu aliipiga hesabu kichwani hapo hapo, nguzo, paa, kuta, akaona siku kumi zinatosha, hata tisa.

"Na udongo tena?" aliuliza.

"Udongo, na paa juu yake. Udongo wenye paa haudondoki. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Kiilu aliitazama cheki mkononi. Ningependa kusema kwamba aliwaza vizuri, lakini nadhani alikuwa amechoka, na mtu mwema akichoka hukimbilia wema kama mwingine anavyokimbilia pombe. Alikuwa amedanganya mara moja maishani mwake, na uongo ule ulikuwa umelala barabarani, watu wanauruka wakienda stesheni. Hakuwa na nguvu za kuusimamisha tena.

"Nitampelekea cheki yake," alisema. "Nitamwambia. Ni Mzungu wa haki. Atatupa muda."

"Mwalimu, ukimwambia tumekwisha."

"Atatupa muda."

"Wewe umeuza ng'ombe!" Gachanja alipaza sauti. Hakuwa amewahi kuipaza mbele yake. "Sisi tumeuza nini? Tuna nini cha kuuza? Huo mtihani ndio kitu tuko nacho. Usiupeleke Thika ukautupe kwa sababu moyo wako unakuuma!"

Ndunge alishika bega la mumewe. Alikuwa upande wa Gachanja, na Kiilu aliujua mkono ule. Hata hivyo alichukua baiskeli.

Bwana wa Elimu alimsikiliza mpaka mwisho. Aliichukua cheki, akaiweka mezani, akainyoosha kwa viganja viwili. Masikio yake yalikuwa mekundu zaidi.

"Mimi naandika Nairobi kwamba hii ndiyo shule mzuri kuliko yote," alisema. "Mimi natia jina yangu."

"Ndiyo, Bwana."

"Nashukuru wewe nasema kweli. Si watu wengi nasema kweli."

Akampa mkono, akamshukuru tena, na kabla ya saa kumi akawa ameifunga shule. Barua ilisema mwalimu ametumia njia za udanganyifu katika ujenzi, na kwamba wanafunzi wake wasipokelewe kwenye mtihani kupitia shule yoyote nyingine mpaka uchunguzi ufanyike. Uchunguzi haukufanyika, kwa sababu hakuna aliyeuomba. Nakala ya barua ilikwenda kwa baraza la mji, na baraza, lilipoona neno ujenzi, likasoma kifungu cha nne na kufuta leseni. Opiyo aliileta hiyo pia. Hakuingia ndani, aliipitishia dirishani.

Mawe yalinunuliwa na mtu wa Ngoingwa aliyekuwa akiwajengea nguruwe wake. Zilipatikana pesa za kumlipa Mhindi. Ndunge alirudi kusuka vyondo, na hakulisema lile jambo la ng'ombe hata siku moja, na Kiilu angetoa chochote ili aliseme. Vijana walitawanyika. Wawili walikwenda mashamba ya kahawa kule Mwiki, mmoja alishikwa bila kipande cha kusafiria, wengine Kiilu hakujua walikokwenda. Gachanja hakuja kuaga.

Na habari ikawatangulia. Wakandarasi hukutana, hunywa pamoja, husimuliana. Kufika Julai, katika kila kazi ya mawe kutoka Ruiru mpaka Thika, watu walijua juu ya wale wa Ruiru, wa simiti nje udongo ndani. Kijana akisema amesoma kwa Kiilu, alicheka nyapara na walicheka vibarua.

Agosti Kiilu alikwenda Thika kutafuta kazi. Kilikuwa kinajengwa kiwanda kipya ng'ambo ya reli, na watu kama thelathini walikuwa wamepanga mstari mbele ya nyapara tangu alfajiri. Kiilu alikuwa na mwiko wake ndani ya mfuko wa katani, umefungwa kwa kitambaa. Alikuwa wa tisa. Wa sita, amempa mgongo, alikuwa Gachanja.

Alikonda. Alivaa koti ambalo si lake. Zamu yake ilipofika nyapara alimwuliza cheti, akasema hana, akaomba ajaribiwe. Wakampa pembe ya ukuta, mawe manne ya kuweka. Mstari wote ukatazama. Gachanja alichota simiti, akaitandaza, akaweka jiwe, akaligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko na mara moja kwa kiganja. Kisha akapitisha kidole gumba chini ya ukingo, kutoka kushoto kwenda kulia, akakifuta pajani. Jiwe la pili, hivyo hivyo. Kiilu aliona mikono yake mwenyewe kwenye mwili wa mtu mwingine, na machozi yakamjia upesi kiasi kwamba ilimbidi akohoe.

Nyapara aliteremsha timazi. Uzi ulikaa.

"Nani amekufundisha?"

"Kizuizini," Gachanja alisema. "Tulijenga huko."

"Wewe si wa yule mzee wa Ruiru? Sema kweli. Wale siwataki hapa, Bwana mkubwa amekataza."

"Ruiru napita na treni tu."

Nyapara aliangalia mstari, akitafuta mtu wa kumwuliza, na macho yake yakamwangukia mzee aliyekuwa akikohoa. "Wewe mzee! Unatoka wapi?"

"Gatuanyaga."

"Huyu unamjua?"

Gachanja aligeuka. Walitazamana kwa mara ya kwanza tangu siku ya cheki. Uso wa kijana haukuomba kitu. Ulikuwa umefungwa kabisa, kama uso wa mtu aliyezoea kuulizwa maswali na maafisa.

"Simjui," Kiilu alisema.

Nyapara akaandika. "Huna cheti, nitakulipa nne. Panda juu." Kisha akamgeukia Kiilu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwita. "Na wewe, kazi gani?"

Kiilu aliuhisi mwiko ukimgusa ubavuni kupitia mfuko. Miaka kumi na sita alikuwa fundi. Lakini angeweka jiwe moja tu, aligonge mara mbili na mara moja, na kidole gumba kingekwenda chenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, na nyapara hakuwa kipofu.

"Kubeba," alisema. "Nabeba karai."

"Kwa umri huo? Haya. Tatu. Utampelekea huyo huyo wa pembe."

Alipewa karai. Alilijaza, akaliinua begani, akapanda ngazi za mbao taratibu, goti moja likilalamika, akalitua karibu na mguu wa Gachanja. Walikuwa peke yao kule juu, na chini nyapara alikuwa ameshageuka. Kiilu alisubiri kidogo. Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa tayari kwa lolote, mradi aitwe kwa jina lake.

Gachanja alichota, akatandaza, akaweka jiwe. Hakuinua macho.

"Mzee," alisema, "hii nyepesi sana. Kamwambie anayechanganya aongeze simiti."

Kiilu akashuka kwenda kumwambia.